Tumeshinda kwa Thelathini na Moja

Tumeshinda kwa thelathini na moja
na mwandishi, miwani kaipandisha kwenye paji,
aniuliza robo ya tatu kulikuwa na nini.
Robo ya tatu tuliwazidi kwa mbili.
"Kwa mbili tu," asema, kwa sauti ya daktari
aliyegusa uvimbe na hataki kuutaja.
Nampa majibu yangu ya kila siku, yaliyopigwa pasi,
kisha natokea mlango wa dobi.

Colorado Springs. Aprili. Theluji inaanguka tena,
imesahau kwamba ilikwisha kuaga.
Hewa ya huku juu ni haba. Wareno walipumua kwa mkopo
tangu dakika ya tano, mikono viunoni,
nasi tukawakimbiza bila haya.
Ndiyo kazi.

Mgema wa methali alau alisifiwa
kabla hajalitia tembo maji.
Mimi sisifiwi. Napimwa:
pointi ishirini ni wasiwasi, kumi ni msiba,
na kushindwa hakujapewa jina,
maana hakuna aliyewahi kulihitaji.

Kwenye ukuta wa korido wapo walionitangulia,
wamepangwa kwa miaka, fremu kwa fremu,
kila mmoja na medali, kila mmoja na meno.
Baada ya wa mwisho pana msumari.
Ulipigiliwa siku niliyosaini mkataba.
Haujatundikwa kitu.
Kila asubuhi naupita na kahawa yangu mkononi
na sijawahi kuuangalia,
na naujua hadi kutu iliyo shingoni mwake.

Wachezaji kumi na watatu. Nafasi kumi na mbili.
Hesabu ya darasa la kwanza, imenichukua siku tisa.
Msaidizi wangu Lorna alikwisha kuamua Jumanne;
mimi nilikuwa natafuta kidole cha kupotea
ili wawe kumi na mbili bila mkono wangu.

Corinne Haddix wa Tulsa, miaka thelathini na mitatu,
alikuja saa moja asubuhi, begi tayari begani,
nisipate taabu ya kutafuta sentensi.
Nami sentensi nilikuwa nazo. Nilikuwa nazo tatu.
Akaisikiliza ya kwanza, akanionea huruma,
akaliweka begi chini.

"Kona ya kushoto," akasema.
"Wiki nzima mazoezini nawafunga kutoka pale.
Dede anageuza kichwa kuufuata mpira, anamwacha mtu.
Wareno waliliona jana baada ya mapumziko.
Kuna watakaoliona Agosti, na hao si Wareno."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Nilitaka kubaki, Kocha.
Ningewafundishaje kuniziba?"

Akainama, akafunga kamba ya kiatu
ambayo haikuwa imefunguka.
Nje, gari la uwanja wa ndege likapiga honi mara moja,
honi ya adabu, ya mtu asiyetaka kuharakisha wafiwa.

Usiku huu mlinzi ameniachia taa mbili.
Nimesimama kona ya kushoto na viatu vya ofisini
na kweli, ukiwa hapa unaliona: njia nyeupe,
pana kama barabara ya mkoa,
kutoka mkononi mwako mpaka kwenye pete.
Siku tisa nilikaa upande wa pili na karatasi zangu.

Kesho Dede atanuna, kisha atajifunza.
Nitamwambia ni somo la nani. Au sitamwambia.
Bado sijui mimi ni kocha wa namna gani.

Narusha. Chuma.
Narusha tena. Chuma, na mpira unakwenda zake
hadi chini ya viti, nauendea kwa magoti.
Nchi nzima imelala ikijua tutashinda.

Narusha.
Humu ndani hakuna anayehesabu.